Deraya ya Farasi: Dola Mbili na Nusu Zilizobadili Biashara ya Gemu

Aprili 3, 2006, kampuni ya Bethesda yenye makao yake Rockville, jimbo la Maryland nchini Marekani, iliweka bidhaa ndogo kwenye duka la mtandaoni la mashine ya Xbox 360 ya Microsoft. Ilikuwa deraya ya farasi, yaani mabamba ya chuma ya kumvika farasi wa kuchorwa ndani ya gemu ya The Elder Scrolls IV: Oblivion. Bei yake ilikuwa pointi 200 za Microsoft, sawa na dola 2.50. Kwa wanaocheza kwenye kompyuta iliuzwa dola 1.99. Gemu yenyewe ilikuwa imetoka wiki mbili tu kabla, Machi 20, na wote waliokuwa nayo walikwisha kuilipia bei kamili.

Wachezaji walikuja juu. Waliona wametozwa mara mbili, na mara ya pili kwa kitu kisichomfanya shujaa wao kuwa na nguvu zaidi. Hata leo, kila kampuni inapoanza kutoza fedha kwa ajili ya pambo, deraya ile hutajwa. Wengi huitaja kama kituko. Mimi naiona kuwa mlango. Kupitia hapo, kitu kilichokuwa tuzo ya jasho kilihamia kwenye rafu ya duka, na bei yake ikaanza kujificha nyuma ya pointi, vito na sarafu za kubuni.

Mapambo ya wafalme

Kumpamba mnyama wa kupanda si ushamba wala si uvumbuzi wa kompyuta. Katika karne ya 15 na ya 16, mafundi wa Ulaya walifua mabamba ya kumfunika farasi wa vita uso, shingo, kifua na makalio. Moja ya deraya hizo, iliyotengenezwa yapata mwaka 1510, bado imehifadhiwa Uingereza. Ilikuwa zawadi ya Kaizari Maximilian I kwa Mfalme Henry VIII. Mabamba yake yamenakshiwa makomamanga, na enzi zake yalipakwa fedha na dhahabu.

Deraya kama hiyo ingeweza kuzuia mkuki, lakini ilifuliwa hasa ili itazamwe. Aliyemwona Henry juu ya farasi yule alijua papo hapo kwamba mfalme huyu ana rafiki mkubwa barani. Pambo lilibeba habari: nani kakupa, kwa nini, na wewe ni nani mbele ya watu.

Watengenezaji wa gemu za kubuni, zenye mazimwi, wachawi na mashujaa wa upanga, walirithi desturi hiyo moja kwa moja. Humo farasi, mbwa mwitu au joka la kupanda lilikuwa zaidi ya usafiri. Lilikuwa habari kuhusu mpandaji wake.

Kipando kilichosema ukweli

Novemba 2004, kampuni ya Blizzard ilizindua World of Warcraft, gemu ya mtandaoni inayokutanisha maelfu ya watu katika dunia moja. Mwanzoni kila mchezaji alitembea kwa miguu. Kipando cha kwanza kilipatikana baada ya kufika ngazi ya 40, na kile chenye mbio zaidi kilingoja ngazi ya 60, bei yake ikifikia sarafu 1,000 za dhahabu ya humo ndani. Kuzikusanya kulichukua majuma ya kuvua samaki, kuchimba madini na kuuza ngozi. Ukimwona mtu juu ya kipando cha kasi, ulijua kavumilia. Mchumia juani hulia kivulini, na kivuli chenyewe kilionekana na wote.

Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea Januari 2006, miezi mitatu tu kabla ya deraya ya Bethesda. Blizzard waliweka milango iliyofungwa ya ngome ya Ahn'Qiraj, na kila seva, yaani kila nakala ya dunia hiyo, ilitakiwa kuifungua kwa juhudi zake yenyewe. Wachezaji walichanga bandeji, vyakula, ngozi na vyuma, huku kundi moja likimsaidia mwenzao kukamilisha mlolongo mrefu wa kazi ili apate fimbo ya kugongea upatu. Aliyegonga upatu akafungua milango alipewa mdudu mweusi wa kupanda, na jina lake likajulikana seva nzima. Mdudu yule hakuuzwa popote. Nyuma ya mtu mmoja aliyempanda kulikuwa na mamia waliochangia.

Huo ndio ulimwengu ambao deraya ya farasi iliukuta.

Kwenye zizi la Chestnut Handy

Mchezaji wa Oblivion aliyelipia deraya alikwenda kwenye zizi la Chestnut Handy, nje ya kuta za Mji wa Kifalme. Hapo alimkuta Snak gra-Bura, mwanamke wa kabila la Waorc, akachagua kati ya deraya mbili: ya feleji au ya Waelf. Ya kwanza alipewa bila malipo. Akitaka kumvika farasi mwingine baadaye, alitoa sarafu 500 za dhahabu ya humo ndani. Yaani baada ya kulipa dukani kwa fedha halisi, mchezaji aliingia kwenye hadithi na kukuta duka la pili.

Wakati huohuo farasi wa Oblivion alikuwa na kazi chache. Mchezaji hakuweza kupigana akiwa mgongoni mwake, na alipoingia kwenye miji mikubwa alilazimika kumwacha nje ya lango. Kubwa zaidi, Oblivion ni gemu ya mtu mmoja. Hakuna mchezaji mwingine anayepita njiani akakuona. Pambo, ambalo tangu siku za Henry VIII lilihitaji macho ya watu, hapa liliuzwa pasipo mtazamaji yeyote isipokuwa mnunuzi mwenyewe.

Hasira ilikuwa na sababu nyingine pia. Kwa gemu yao ya awali, Morrowind ya mwaka 2002, Bethesda walitoa nyongeza kadhaa ndogo kwa wenye kompyuta bila kutoza senti. Nyongeza kubwa zilizouzwa zilikuja kwa diski, zikiwa na ardhi mpya na saa nyingi za kucheza. Mteja alijua anachonunua. Sasa kitu cha ukubwa wa zile nyongeza za bure kilikuwa na bei.

Bei yenyewe ina historia yake. Todd Howard, aliyeongoza utengenezaji wa Oblivion, alikuja kueleza kwamba wao walifikiria bei ya chini zaidi, na Microsoft ndio walioshauri ipandishwe. Duka lilikuwa changa, mashine ikiwa imetoka Novemba 2005, na hakuna aliyejua pambo la kuchorwa lina thamani gani. Pointi nazo zilifanya hesabu kuwa ngumu. Dola moja ilikuwa pointi 80, na pointi ziliuzwa kwa mafungu. Mnunuzi wa deraya hakulipa pointi 200 peke yake. Alinunua fungu, akatumia sehemu, na zilizobaki zikamngoja dukani zimshawishi kurudi. Microsoft waliachana na pointi hizo mwaka 2013 na kurudisha bei za fedha halisi, lakini kwa wakati huo mbinu ilikuwa imeenea kila mahali.

Pamoja na kelele zote, deraya ilinunuliwa. Bethesda walisikia lawama, na nyongeza zilizofuata zilikuwa na nyama zaidi. Knights of the Nine ilitoka Novemba 2006, na Shivering Isles ya Machi 2007 ilikuwa nchi nzima mpya. Aprili 1, 2009 kampuni ilishusha bei za nyongeza zake kwa nusu, isipokuwa deraya ya farasi ambayo siku hiyo ilipandishwa maradufu. Walikuwa wakifanya utani na wateja wao. Lakini sekta nzima ilikuwa imeshapata somo: watu watalalamika, na watanunua.

Pambo lapata watazamaji

Kilichokosekana Oblivion kilikuwapo World of Warcraft. Mwaka 2007, ndani ya pakiti chache sana za kadi za kukusanya za gemu hiyo, ilifichwa kadi yenye namba ya siri ya kumpata chui milia wa kizuka wa kupanda. Ulinunua pakiti bila kujua kilichomo. Waliobahatika waliwauzia wengine kwa bei kubwa.

Kisha, Aprili 2010, Blizzard waliweka dukani farasi mwenye mabawa, mwili wake umeundwa kwa nyota. Bei ilikuwa dola 25, karibu mara kumi ya deraya ya Bethesda, na wanunuzi walikuwa tayari wanalipa ada ya kila mwezi. Foleni ya mtandaoni ilipita watu 140,000. Kama wote waliopanga foleni hiyo walilipa, hizo ni dola milioni 3.5 kwa mnyama mmoja. Siku hiyo viwanja vya miji ya humo vilijaa farasi wa nyota, kila mmoja akimtazama mwenzake. Yule mdudu mweusi wa 2006 alieleza kazi ya mamia ya watu. Farasi wa nyota alieleza tu kwamba mpandaji wake ana kadi ya benki.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuichanganya bei na bahati. Novemba 2017, kampuni ya ArenaNet iliuza skini, yaani sura mpya za kuvalisha, za vipando vya Guild Wars 2 kwa leseni za vito 400, na kila leseni ilitoa skini moja kati ya 30 bila mnunuzi kuchagua. Skini nyingine, ya mbwa wa vita, iliuzwa peke yake kwa vito 2,000, takriban dola 25. Wachezaji walipinga kwa nguvu hata rais wa kampuni, Mike O'Brien, akawaandikia akieleza kwamba skini zitakazofuata zitauzwa moja moja au kwa mafungu yanayojulikana yaliyomo. Aprili 2018, Ubelgiji ilitamka kwamba baadhi ya makasha ya bahati katika gemu, yanayolipiwa kabla ya kujua kilichomo, ni kamari chini ya sheria zake.

Kisa cha brutosaur kinaonyesha tulikofika. Mwaka 2018, World of Warcraft ilikuwa na mjusi mkubwa wa jina hilo, anayebeba dalali mgongoni, akiuzwa sarafu milioni 5 za dhahabu ya humo ndani, hadi alipoondolewa kwa wauzaji wa kawaida mwaka 2020. Tayari tangu 2015 fedha halisi ziliweza kugeuzwa dhahabu kwa njia rasmi, lakini walau wapo waliozichuma sarafu hizo kwa mikono yao. Mwaka 2024, katika maadhimisho ya miaka 20 ya gemu hiyo, ndugu yake aliyepakwa dhahabu aliwekwa dukani kwa dola 90. Huyu bei yake iliandikwa kwa fedha halisi tu.

Bei isomwe

Aprili 22, 2025, Oblivion ilirudi ikiwa imechorwa upya. Toleo la bei ya juu lilikuwa na deraya mpya za farasi, na safari hii wengi walizipokea kwa kicheko cha kuzikumbuka za zamani. Kizazi kizima kimekulia katika maduka ya namna hii, na kinayaona kuwa sehemu ya mchezo.

Sina ugomvi na mchoraji anayelipwa kwa farasi mzuri. Kazi ya mikono ni kazi, hata ikiwa ya kompyuta, na mtu mzima anayetaka kumpamba kipando chake kwa fedha yake ana haki hiyo. Ugomvi wangu ni na mambo mawili yaliyoingia kupitia mlango wa 2006: kuondoa tuzo kwenye mikono ya anayefanya kazi, na kuficha bei.

Kwa jambo la pili, sheria zimeanza kuamka. Machi 2025, Tume ya Ulaya pamoja na mamlaka za kulinda walaji zilichukua hatua dhidi ya kampuni ya Sweden inayotengeneza Star Stable Online, gemu ya farasi inayopendwa sana na watoto. Chanzo kilikuwa malalamiko ya chama cha walaji cha Sweden. Sambamba na hatua hiyo zilitolewa kanuni kuhusu sarafu za ndani ya gemu: bei ioneshwe wazi kwa fedha halisi, na mteja asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji. Ni kasoro zilezile za pointi 200, zilizoandikwa hatimaye kwa lugha ya sheria, miaka 19 baadaye.

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wananunua almasi za Free Fire kupitia simu, kwa fedha za mtandao, mara nyingi kwa mafungu madogo madogo yasiyomshtua mzazi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni cha muuzaji. Mamlaka zetu za ushindani na ulinzi wa walaji zina mfano wa Ulaya wa kuuchukua na kuufanyia kazi: kila pambo la kuuzwa liandikwe bei yake kwa shilingi, liuzwe lenyewe, na mnunuzi aone kilichomo kabla ya kulipa. Hapo mzazi na mtoto wataweza kukaa pamoja, wakaisoma bei ya farasi, na kuamua kama wanamtaka.