Diski inapokataa kuandikwa

Kwa sisi tunaotumia ordinatere hapa Kabambare, maisha ni ya jenereta na batri ya jua. Mafuta inaisha, mashini inazimika katikati ya TFC. Mara nyingi inawaka tena bila shida, lakini kuna siku Linux inakubali kusoma tu, na kila ukihifadhi inajibu: «Système de fichiers accessible en lecture seulement». Wengi hapo wanaformata mara moja, na TFC inakwenda. Ndugu zangu, ngojeni kwanza. Hii kukataa ina historia, na imewekwa kwa makusudi.

Unix ilizaliwa 1969 kule Bell Labs, Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Miaka ile, umeme ukikatika, orodha ya diski ilibaki nusunusu: sehemu moja inahesabiwa kuwa tupu, kumbe tayari ni ya faili fulani. Ukiendelea kuandika, faili mpya inakanyaga ya zamani. Fundi alitumia programu icheck na dcheck kutafuta makosa, halafu kusahihisha ilikuwa juu yake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ted Kowalski akaandika fsck, inayokagua na kusahihisha.

Ila fsck yenyewe inakaa kwenye mzizi, yaani ile «/» inayobeba mfumo wote. Utatengeneza namna gani msingi wa nyumba huku watu wanaendelea kujenga juu? Njo maana Linux ilizoea kuwaka mzizi ukiwa wa kusoma tu, ukaguliwe, halafu ufunguliwe. Ext2, ya mwaka 1993, ya Mfaransa Rémy Card na wenzake, iliruhusu tena kujifunga katikati ya kazi kosa likionekana. Debian inaandika hiyo kwenye /etc/fstab, na Ubuntu nayo ilizoea kuiandika: errors=remount-ro. Ext3 ya 2001 ikaongeza jurnali, lakini mlango huo haukuondolewa.

Basi uliza sababu kabla ya kuvunja mlango. Andika dmesg. Ukiona «I/O error», diski pengine inakufa: washa kwa Linux ya ufunguo wa USB, kopi TFC kwanza, mengine baadaye. Kama ni mstari mbaya tu katika fstab, mount -o remount,rw / inatosha, halafu sahihisha. Kama ni mfumo wa faili ulioharibika, fsck, lakini kutoka USB, mzizi ukiwa haujaunganishwa.

(Wazee wanaangalia /proc/mounts. Zamani amri mount ilisoma /etc/mtab, faili ya kawaida, ambayo nayo ilishindwa kuandikwa, kwa hiyo ilikuambia habari za jana.)

fsck ikimaliza, fungua lost+found. Vipande vilivyopoteza majina vinawekwa mle kwa namba tu. Amri file itakuonyesha kipi ni dokimenti na kipi ni picha.