Orodha ya kazi zinazohitajika Canada si tiketi ya safari

KILA serikali ya Canada inapotangaza kazi zenye uhaba wa wafanyakazi, habari hizo huenea upesi hadi Nairobi, Eldoret na Mombasa. Muuguzi, mwalimu au fundi wa umeme anayeona kazi yake imetajwa hudhani mlango tayari umefunguliwa. Hata hivyo, historia ya orodha hizo yaonyesha kwamba ni chombo cha nchi inayotafuta wafanyakazi, wala si ahadi kwa anayetafuta kazi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, sera ya uhamiaji ya Canada ilipendelea Wazungu waziwazi. Kanuni za mwaka 1962 ziliondoa sehemu kubwa ya ubaguzi huo, na mnamo 1967 ukaanzishwa mfumo wa alama ambapo mwombaji alipimwa kwa elimu, umri, lugha na ujuzi badala ya rangi au nchi alikozaliwa. Miongoni mwa mambo yaliyompa mtu alama ni kiwango ambacho kazi yake ilihitajika nchini humo.

Sheria mpya ya uhamiaji ya 2002 iligeuza mkondo. Watunga sera waliona kwamba mahitaji ya soko la ajira hubadilika haraka kuliko serikali inavyoweza kuyafuata. Hivyo basi, wakaweka uzito kwenye uwezo wa mtu wa kujifunza na kujikimu popote. Alama 100 ziligawanywa katika vipengele sita: elimu 25, lugha 24, tajriba ya kazi 21, umri 10, kuwa na ajira iliyokwisha kupangwa 10, na uwezo wa kuzoea maisha mapya 10. Tangu 2003, kiwango cha kupita kimekuwa alama 67.

Tatizo likawa kwamba kila aliyetimiza masharti alikuwa na haki ya ombi lake kushughulikiwa. Maombi yakarundikana na watu wakasubiri kwa miaka mingi. Ndipo mwaka 2008 serikali ikarejesha orodha, safari hii ikiwa na kazi 38. Mnamo 2010 zikapunguzwa hadi 29, na ukomo wa idadi ya maombi ukawekwa. Julai 2012 upokeaji wa maombi mengi mapya ulisitishwa. Ulipofunguliwa tena 2013, kazi zilikuwa 24, na mwaka uliofuata zikafika 50. Kwa muda wa miaka sita tu, kazi iliyokuwa lulu iliweza kutoweka kwenye orodha kabla ya mwombaji kukamilisha karatasi zake.

Pigo kubwa zaidi liliwaangukia waliokuwa wametangulia. Sheria iliyopitishwa mwaka 2012 ilifutilia mbali maombi ya wafanyakazi wenye ujuzi yaliyowasilishwa kabla ya Februari 27, 2008 na ambayo hayakuwa yameamuliwa. Watu wapatao 280,000, wakiwemo waombaji na jamaa zao, waliathirika. Walirejeshewa ada walizolipa, lakini miaka ya kungoja haikuwa na wa kuirejesha.

Mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015, ulikusudiwa kuzuia mrundiko huo. Anayetimiza masharti ya msingi hujiandikisha kwa njia ya intaneti bila ada, kisha hupangwa pamoja na wenzake kwa alama zinazoweza kufika 1,200. Serikali huwaalika wenye alama za juu kuomba ukaazi wa kudumu. Asiyealikwa hana ombi lolote, na maelezo yake hudumu kwa miezi 12 pekee. Aliyeteuliwa na mkoa fulani wa Canada huongezewa alama 600, kiasi kinachotosha kumfikisha karibu na kilele.

Umri nao una uzito mkubwa. Wenye miaka 20 hadi 29 hupata alama zote za kipengele hicho. Baada ya hapo hupungua, na aliyefika 45 hapati hata moja.

Baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2022, orodha za kazi zilirudi kwa sura nyingine. Tangu katikati ya 2023, serikali imeweza kualika watu wa makundi maalumu hata kama alama zao ni chini ya za wengine. Makundi ya kwanza yalikuwa afya, sayansi na teknolojia, ufundi stadi, uchukuzi, kilimo na chakula, pamoja na wanaozungumza Kifaransa vyema. Februari 2025, kundi la elimu liliongezwa huku la uchukuzi likiondolewa. Dereva wa lori aliyekuwa ameanza maandalizi kwa kutegemea kundi hilo alijikuta nje ya mlango.

Kundi la Kifaransa linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa halifungamani na kazi yoyote, na mara nyingi alama zilizohitajika zimekuwa za chini kuliko katika mialiko ya jumla. Jambo hilo linawafaa wasomi wa Congo na Burundi waliosomea Kifaransa, kama ambavyo linamfaa Mkenya aliyejifunza lugha hiyo kwa dhati.

Kadhalika, jina la kazi halitoshi. Maafisa hulinganisha majukumu ambayo mtu ametekeleza na maelezo yaliyomo katika orodha rasmi ya kazi za Canada. Aliyeitwa meneja lakini barua ya mwajiri inaonyesha kazi za karani atahesabiwa kuwa karani. Barua hiyo yapasa kueleza majukumu, saa za kazi, mshahara na muda wa utumishi.

Aidha, kuruhusiwa kuishi si sawa na kuruhusiwa kufanya kazi ya taaluma. Udaktari, uuguzi, ualimu na uhandisi husimamiwa na mabaraza ya mikoa. Cheti cha Kenya kilichotathminiwa kwa ajili ya uhamiaji hakimpi muuguzi leseni. Bado hana budi kukaguliwa na baraza husika na kufaulu mtihani unaotakiwa. Wapo wataalamu waliofika na ukaazi wa kudumu mkononi, kisha wakafanya vibarua kwa miaka wakisubiri leseni. Mwenye busara huanza na baraza hilo kabla ya kuanza na uhamiaji.

Gharama pia hutangulia matumaini. Mtihani wa lugha, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili, na tathmini ya vyeti hulipiwa hata kabla ya mwaliko. Anayealikwa ana siku 60 za kuwasilisha ombi kamili, ikiwemo cheti cha polisi cha tabia njema. Asiye na ajira iliyothibitishwa wala tajriba ya kazi nchini humo huhitajika kuonyesha fedha za kujikimu, na hazikubaliki zikiwa za kukopa.

Ni katika pengo hili kati ya tangazo na mwaliko ambapo matapeli hustawi. Hakuna wakala anayeweza kuuza nafasi katika Express Entry, kwani mialiko hutolewa na serikali yenyewe kwa kufuata alama. Wanaoruhusiwa kutoza ada kwa kumwakilisha mwombaji ni mawakili na washauri wenye leseni, ambao majina yao yaweza kuthibitishwa kwenye sajili za mabaraza yao. Anayedai pesa ili "kuhifadhi nafasi" kwa sababu kazi fulani imo kwenye orodha anauza kitu asichokuwa nacho.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa familia inayofikiria kuuza shamba au kumtoa mtu kazini kwa sababu ya orodha iliyotolewa juzi, swali la kwanza si iwapo kazi hiyo imetajwa. Ni iwapo mwombaji ana alama, lugha, leseni na fedha zitakazomwezesha kupita hata orodha hiyo ikibadilishwa kesho.