Mbabula na kabati: historia ya jiko la Kolwezi, na namna ya kuchagua lako



Mama mmoja alikuja kutuuliza jambo. Nyumba yake ilivunjwa kwa sababu ya mgodi. Kwa franga alizopewa amenunua parsele yenye nyumba ya zamani, vyumba viwili na sebule, na sasa anaitengeneza polepole. Mtoto wake alimwonyesha katika simu picha za ile watu wanaita cuisine équipée: makabati meupe ukutani, meza ndefu ya kazi, sinki inayong'aa. Mama akauliza: «Baba, kwa franga hizi kidogo zilizobaki, nifanye hii, ama nibaki na mbabula yangu inje?»

Niliona kwanza kwamba ni swali la seremala. Kisha nilitambua kwamba ni swali la mji huu wote. Jiko ulilolishikiza ukutani huwezi kulibeba kichwani. Anayeliweka anasema: hapa nitakaa. Na Kolwezi ni mji ambamo watu wengi walisema hivyo, kisha wakaondolewa. Basi kabla ya kupima ukuta, turudi nyuma kidogo.

Jiko la kambi

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka, na kila mara kampuni ilipaswa kutafuta watu wapya. Kuanzia mwaka 1928 hivi ilibadilisha mpango: ikataka wafanyakazi wa kudumu, wenye bibi na watoto, kwa mikataba ya miaka mitatu. Hapo ndipo jiko likaingia katika hesabu ya kampuni. Mwanaume aliyekula vizuri nyumbani alifanya kazi vizuri zaidi.

Kolwezi yetu ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, iwe makao ya migodi ya magaribi. Familia za kambi zilipewa nyumba ya matofali na posho: unga wa mahindi, na vyakula vingine vya kupimwa. Wamama waliitwa kwenye foyer social wajifunze kushona, kulea watoto na kupika kwa namna iliyopendeza wakubwa wa kampuni. Lakini kupika kwenyewe kulibaki kwa kawaida inje, nyuma ya nyumba, juu ya mafiga ama mbabula. Wazungu walikuwa na mtaa wao, na nyumba zao zilikuwa na jiko lenye maji ya bomba. Aliyepika humo alikuwa mara nyingi mwanaume wa Kikongo, aliyeitwa «boy» hata kama alikuwa na wajukuu, naye alilala katika kile chumba cha nyuma tunachoita boyerie mpaka leo.

Kwa hiyo toka mwanzo kulikuwa na majiko mawili: lile la ndani, la aliye na haki ya kubaki, na lile la inje, la aliyepewa nyumba kwa muda wa kazi yake. Kazi ikiisha, nyumba ilirudi kwa kampuni. Nani angeweka kabati ukutani mwa nyumba isiyo yake?

Lile jiko la picha lilitoka wapi

Wengi wanafikiri jiko la kupangwa ni jambo la matajiri. Historia yake inasema kinyume. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mji wa Frankfurt katika Ujerumani ulikosa nyumba za kutosha. Mji ulimpa kazi mchoraji wa majumba Ernst May, ajenge nyumba nyingi kwa bei ndogo. Katika kundi lake alikuwa mwanamke wa Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 alichora jiko dogo sana, la karibu meta 1.9 kwa meta 3.4. Alijifunza kutoka majiko ya mabehewa ya treni, ambamo mpishi analisha watu wengi bila kupiga hatua nyingi. Alihesabu hatua za mama toka meza mpaka moto, toka moto mpaka sinki. Vipande vyote vilikuwa vya kipimo kimoja, vikatengenezwa kwa wingi, na karibu nyumba 10,000 zikapata jiko hilo. Gharama yake iliingizwa kidogo kidogo katika kodi ya nyumba. Hapo ndipo siri ya bei ndogo: kipimo kimoja, vipande vingi, malipo ya polepole.

Ubelgiji, iliyotawala Kongo wakati ule, haikukaa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mchoraji wa Brussels, Louis-Herman De Koninck, alitoa makabati yaliyoitwa Cubex, ya vipande vya kuunganishwa kadiri ya ukubwa wa chumba na wa mfuko. Ernst May mwenyewe alifika huku kwetu Afrika: kutoka mwaka 1934 aliishi Tanganyika, kisha Kenya, karibu miaka 20, akachora majumba Kampala na Mombasa.

Hata hivyo, jiko lile lilichorwa kwa mama anayepika peke yake, amesimama, sufuria ndogo, moto wa gesi ama umeme. Halikumwaza mama wa Manika anayesonga bukari ya watu kumi, ameketi kwenye kiti kidogo, amebana sufuria kwa miguu, muiko mikononi, na binti zake wawili kando wanatwanga sombe. Tukumbuke hilo tutakapofika kwa seremala.

Umeme unaopita juu ya kichwa

Katika miaka ya 1950 Union Minière ilijenga mabwawa mawili makubwa kwenye Lualaba, karibu nasi: Nzilo, iliyoitwa Delcommune, na Nseke, iliyoitwa Le Marinel. Mwaka 1982 laini ya umeme kutoka Inga ilifika mpaka Kolwezi, safari ya kilometa karibu 1,700. Inga iko upande mmoja wa nchi, sisi tuko upande mwingine, na laini ile inaishia hapa kwetu.

Lakini umeme ule uliletwa kwanza kwa ajili ya shaba. Mpaka leo, katika mitaa mingi, waya zinapita juu na chini yake mama anawasha makala. Resho ya umeme ipo mezani, lakini delestaje inaifanya iwe meza ya kuwekea vikombe. Makala nayo inatoka katika misitu inayozidi kusogea mbali, na bei ya mfuko tunaijua sote.

Kwa hiyo jiko la Kolwezi haliwezi kuwa la moto mmoja. Anayeondoa mbabula kabisa kwa sababu ya picha ya simu atalala njaa siku umeme utakapokatika.

Miaka ya kubomoka

Mwaka 1967 Serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni mpya ikaja kuitwa Gécamines. Familia za Kikongo ziliingia katika nyumba zilizokuwa za Wazungu, na wengine wakapata kwa mara ya kwanza jiko la ndani. Wazee wengi wanaikumbuka miaka ile kama miaka ya shibe, hata kama ilikatwa na vita vya 1977 na vya Mei 1978, wakati Kolwezi ilipojulikana dunia nzima kwa damu.

Kisha mambo yakaporomoka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Miaka michache baadaye kampuni ilikuwa inatoa chini ya tani 50,000. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga. Walijaa kwenye stesheni wakingoja treni, na sufuria, magodoro na mbabula. Kile kilichoweza kubebwa, kilibebwa. Kile kilichoshikizwa ukutani, kilibaki kwa mwingine.

Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari, wengi wakiwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Posho haikuwako tena. Jiko likawa mzigo wa mama: bustani, soko, kuuza makala kwa kopo.

Jiko lililogeuka shimo

Mwaka 2014, mtaani Kasulo, mtu alichimba katika parsele yake akakuta madini ya kobalti. Habari ilienea. Watu wakachimba uani, wakachimba sebuleni, wakachimba hata mahali walipokuwa wanapikia. Mwaka 2017 familia za sehemu ya Kasulo ziliondolewa na ukuta ukajengwa kuizunguka. Na Septemba 2023 Amnesty International, pamoja na shirika la hapa Kolwezi IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa sababu ya migodi katika eneo letu, na juu ya malipo yasiyotosha kupata nyumba kama ile ya kwanza.

Ndiyo maana yule mama anaogopa. Haogopi kabati. Anaogopa kulipia tena kitu kitakachovunjwa.

Basi tuchague namna gani?

Haya ndiyo nilimjibu mama, na ninayarudia kwenu wote.

Kwanza, usianze na makabati. Anza na maji: yaingie wapi, yatoke wapi. Sinki nzuri bila bomba la kutolea maji machafu itaoza kuta zako. Kisha hewa: dirisha, ama matundu juu ya ukuta. Kisha meza ya kazi. Kabati linafuata, na milango ya kabati inaweza kungoja mwaka ujao. Pazia litafunika kwa sasa.

Pili, meza ya bei nafuu na yenye nguvu tunayo hapa hapa: nguzo za matofali ya kuchoma, bamba la sementi juu, kisha vigae. Haiogopi maji wala sufuria ya moto. Zile mbao za unga uliogandamizwa, zenye ngozi nyeupe inayong'aa, ni nzuri machoni, lakini maji yakiingia zinavimba na hazirudi. Ukizichagua, ziwe na miguu ya kuziinua sentimita 10 ama 15 juu ya sakafu, na kingo zake zote zifunikwe vizuri. Mvua zetu mnazijua.

Tatu, pima mwili wako, usipime picha. Meza za kiwandani zina kina cha sentimita 60 na urefu wa karibu sentimita 90. Hiyo inafaa kukata vitunguu. Kwa kusonga bukari, acha mahali pa chini penye sakafu ngumu, karibu na mlango ama chini ya paa la nyuma. Hilo si jambo la aibu. Ni jiko la watu wanaokula bukari.

Nne, makala isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi wa mwezi wa sita. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Na resho ya umeme ipewe waya mnene wake yenyewe, pamoja na kifaa cha kukata umeme. Isichomekwe pamoja na frigo na televisheni.

Tano, seremala akupe bei kwa meta, aandike ni nini kiko ndani ya bei hiyo: mbao gani, bawaba ngapi, droo ngapi, nani analipa usafiri. Lipa kwa mara tatu: mwanzo, vipande vikifika, na kazi ikiisha. Usilipe yote siku ya kwanza, hata kama ni shemeji yako.

Sita, na hili ndilo historia yetu inatufundisha: makabati yashikizwe kwa skrubu, siyo kwa sementi. Siku ya kuondoka yafunguliwe, yapakiwe. Weka risiti zote. Piga picha za jiko, la ndani na la inje, zenye tarehe. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, na kanuni zake za mwaka huo huo, zina sehemu nzima, kiambatisho cha 18, juu ya kuhamisha watu na kuwalipa. Wanaohesabu nyumba wakifika, waonyeshe jiko lako la inje, paa lake, mafiga yake, na uombe liandikwe kabla hujatia sahihi.

Yule mama amekwisha kuamua. Anajenga meza ya matofali yenye vigae, anaweka sinki moja, na makabati mawili tu ya skrubu. Mbabula yake imepata mahali pake chini ya paa la nyuma. Aliniambia kwamba toka ahamishwe, ni mara ya kwanza anapima ukuta bila kulia.

Kwa leo tuishie hapo. Ninyi mliohamishwa, tuleteeni habari za majiko yenu, yale mliyoacha na yale mnayojenga.