Mtoto Hawezi Kutoa Kisicho Chake: Ukarimu wa Desemba Katika Mitaa ya Eastlands

Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, makanisa na vikundi vya wazazi katika mitaa ya Buruburu, Donholm na Umoja, eneo la Eastlands jijini Nairobi, hukusanya vitu vya kuchezea vilivyotumika na kuvipeleka kwenye makao ya watoto. Wazazi huamini kwamba mtoto akizoeshwa kutoa angali mdogo, hatakuwa mchoyo ukubwani. Nia hiyo sina ugomvi nayo. Ninachotilia shaka ni utaratibu wenyewe, kwa kuwa anayetoa mara nyingi si mtoto.

Tazama gunia linavyojazwa. Mama hufungua kabati mtoto akiwa nje anacheza, akachambua: gari lililong'oka gurudumu, mwanasesere aliyenyonyoka nywele. Siku ya safari mtoto hushikishwa mfuko langoni, akaambiwa aukabidhi huku simu zikimpiga picha. Hakuchagua, wala hakuna alichokikosa. Alichojifunza ni kwamba wako watoto wa kutoa na watoto wa kupewa, na yeye ni wa kundi la kwanza.

Mwanasosholojia wa Kifaransa Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Asiyeachiwa nafasi ya kurudisha hubaki chini ya aliyempa. Watoto wa makao hurudisha kwa wimbo wa kuwakaribisha wageni, na sijui huuimba mara ngapi Desemba moja. Isitoshe, serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarejesha watoto kwenye familia na jamii. Mkakati huo ukitimia, mtoto tunayemfuata leo kwa basi atakuwa jirani yetu Kayole au Dandora.

Na ujirani una shule yake ya ukarimu. Mwenye baiskeli humpa mwenzake raundi moja. Akiwa mchoyo, jioni hapangwi kwenye timu. Aliyeliwa bano (gololi) zote huazimwa mbili arudi mchezoni, maana bila yeye mchezo umekwisha. Mpira wa juala, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Agosti 2017, ulikuwa mali ya aliyeufunga, lakini angeucheza na nani peke yake? Hapa mtoto hutoa kilicho chake, kwa hiari yake, kwa mtu atakayekutana naye kesho.

Kuna pingamizi zito: korti za Buruburu, yaani nyumba zilizojengwa kwa makundi, siku hizi zina mageti, na raundi ya baiskeli haivuki geti. Anayekwenda na gunia angalau anavuka. Nakubali. Ila zakatul-fitri, sadaka ya Waislamu ya mwisho wa Ramadhani, inayotolewa Eastleigh kabla ya sala ya Idi inavuka vilevile bila kumsingizia mtoto ukarimu: mlezi humtolea kama wajibu, tena kwa chakula kile kile kinacholiwa nyumbani, si makombo.

Basi wajibu wa mzazi na ukarimu wa mtoto vitenganishwe. Mtoto aulizwe ni kipi, kati ya vile anavyovichezea bado, angependa kumpa mwenzake. Akikataa, aachiwe gari lake, na mzazi aingie dukani atoe cha mfukoni mwake.