Mwisho wa taharuki

Mwisho wa taharuki ni namna ya kukatiza hadithi ya filamu au tamthilia pale inapokolea, ili mtazamaji arudi kutafuta jibu. Mbinu hii ni kongwe: Shahrazadi, msimulizi wa hadithi za Alfu Lela Ulela, aliokoa shingo yake kwayo. Katika televisheni, mfano mashuhuri ni tamthilia ya Dallas ya Marekani: mhusika wake J.R. Ewing alipigwa risasi Machi 1980, na aliyempiga akajulikana Novemba.

Mashariki mwa Kongo, mjini Goma na viungani kama Munigi, Kiswahili ni lugha ya mtaani, na filamu za Kitanzania zijulikanazo kama Bongo Movie, zikiwemo za mwigizaji Steven Kanumba (1984–2012), zilivuka mpaka bila kuhitaji mkalimani. Nyingi ziliuzwa kwa diski mbili, ya kwanza ikikatika ghafla kwa mbinu hiyohiyo. Hapo ndipo mbinu huyumba: kisa kifupi kikivutwa ili kijaze sehemu ya pili (gari linaendeshwa weee, simu haziishi), mnunuzi huona ameliwa pesa. Taharuki hufaa pale swali linapomhusu mhusika tunayemjali na jibu lipo. Dallas ilikuwa nalo. Kwenye diski ya pili mara nyingi lilikosekana.