Mkoma

Mkoma ni mti wa jamii ya mnazi wenye majani ya umbo la upepeo, na mabua yenye miiba myeusi iliyopinda. Pwani ya Kilifi na Malindi inayo spishi mbili zinazochanganywa mara nyingi: Hyphaene compressa na Hyphaene coriacea. Ya kwanza hurefuka hadi mita 15 au zaidi na shina lake hugawanyika panda baada ya panda, jambo lisilo la kawaida kwa michikichi na minazi. Ya pili ni fupi, aghalabu huota kwa vichaka katika mchanga karibu na bahari, na mashina yake kwa kawaida hayana panda. Lakini mti mchanga wa compressa nao hauna panda, hivyo urefu na panda pekee havimtoshi mchunguzi, atazame tunda. La compressa limebanwa ubavuni. La coriacea ni pana juu na jembamba kuelekea kikonyo. Miti dume haizai, hivyo tunda litafutwe kwenye miti jike. Makuti machanga husukwa mikeka na vikapu. Mvunaji asikate kilele chote, kwani shina lililokatwa kilele hufa.