Pensheni na Kiinua Mgongo: Habari za Malipo ya Uzeeni Tangu Zamani za Boma la Tukuyu

Watu wengi huchanganya pensheni na kiinua mgongo, kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kiinua mgongo ni fedha apewayo mtu mara moja tu, akiisha kazi, kama mtu aliyeinama siku nyingi juu ya jembe akapewa kitu cha kumnyosha. Pensheni ni malipo yanayokuja kila mwezi, mwaka kwa mwaka, mpaka mtu afe. Tofauti hii ndiyo mzizi wa habari zote nitakazosimulia.

Kabla ya boma lolote kujengwa huku Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na namna yao ya kustaafu. Vijana walikaa katika vijiji vya rika lao, mbali na baba zao. Ilipotimia zamu yao, wazee waliwakabidhi nchi kwa sherehe iitwayo ubusoka, wakasogea kando. Mama Monica Wilson, aliyefanya uchunguzi wake katika wilaya hii kati ya mwaka 1934 na 1938, ameandika habari zake kwa urefu. Mzee aliyekwisha kukabidhi hakulipwa fedha na mtu. Alitegemea ng'ombe wake, migomba yake na wanawe. Tangu mwaka 1926 Serikali ya Kiingereza ilitawala kwa njia ya machifu, nao wakawa wanalipwa mshahara kutoka hazina za wenyeji. Basi naona si ajabu kwamba chifu mwenye mshahara hakuwa na haraka ya kuwaachia wanawe nchi, maana pamoja na nchi angeachia na mshahara wenyewe.

Wajerumani ndio waliotangulia kuweka watu kazini kwa mshahara katika mji huu, ambao wao waliuita Neu-Langenburg. Huko Masoko, penye ziwa dogo, walijenga boma la askari. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka kusini, na mji ukatwaliwa. Wajerumani walipoondoka, askari wao wa Kiafrika walibaki na madai ya mishahara. Baadhi yao walilipwa katika miaka ya 1920. Hata mwaka 1964, miaka 46 baada ya vita, Bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliosalia. Husimuliwa ya kwamba huko Mwanza wazee mamia walikuja kudai, na wachache tu walikuwa na cheti. Mwenye kulipa akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, wala hakuna aliyekosea. Mimi naipenda hadithi hii, lakini yanisikitisha pia. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile walikuwa wengi kuliko askari, nao hawakufundishwa amri yoyote ya kuwathibitishia kazi yao.

Sasa tuje kwa Waingereza. Katika boma la Tukuyu palikuwa na Bwana Mkubwa wa Wilaya, mabwana shauri, makarani, wakalimani, polisi na matarishi. Wote waliitwa watumishi wa Serikali, illa uzeeni njia zao zilitengana. Afisa wa Kizungu alikuwa na pensheni, na mfuko wa wajane na yatima uliokatwa katika mshahara wake. Karani wa Kiafrika alisimama chini sana katika ngazi hiyo. Mwaka 1922 Martin Kayamba, karani huko Tanga, aliunda chama cha watumishi wa Serikali wa Kiafrika, kikawa mahali pa makarani kukutana, kusoma na kusemea masharti ya kazi. Mwaka 1931 Kayamba huyo alikwenda London pamoja na wajumbe wengine kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge.

Mwaka 1942 ikatoka sheria ya mfuko wa akiba kwa watumishi wa Serikali, na mwaka 1944 nyingine kwa watumishi wa serikali za mitaa. Mfuko wa akiba si pensheni. Mtumishi hukatwa kidogo kila mwezi, mwajiri huongeza sehemu yake, na siku ya kuondoka mtu hupewa yote pamoja na faida, basi kwaheri. Mtu aliyepokea fedha hizo angeweza kununua mabati, ng'ombe au miche ya kahawa, na kama ana akili na bahati, mali hiyo ingemlisha. Lakini akikosea mwaka mmoja, hakuna mwezi ujao wa kumrekebisha. Kwa upande mwingine, akifa upesi, akiba yake huwafikia warithi, ambapo pensheni ya zamani ilikufa pamoja na mwenyewe. Mjane wa karani angejua lililo bora.

Sheria za pensheni za makoloni zilikuwa na neno moja ambalo yafaa wanafunzi walifikirie: zilisema wazi kwamba hakuna mtumishi aliye na haki kamili ya kudai pensheni. Ilikuwa hisani ya Serikali, na aliyefukuzwa kwa kosa aliweza kuikosa yote, hata kama alikuwa amefanya kazi miaka 25.

Tena pensheni hufuata mshahara. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi katika Afrika ya Mashariki, ilishikilia kwamba Mwafrika mwenye cheo sawa na Mzungu apate sehemu tatu katika tano za mshahara wake. Chukueni kalamu, tufanye hesabu ya mfano. Katika makoloni kadhaa kipimo kilikuwa sehemu moja katika 600 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa kazi. Miaka 30 ni miezi 360. Mwenye mshahara wa paundi 500 kwa mwaka atapata pensheni ya paundi 300. Mwenzake mwenye paundi 300 atapata 180. Basi tofauti haikuisha siku ya kurudisha funguo za ofisi, ilimfuata mtu hata kaburini. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilishauri mishahara ya kufuata rangi iondolewe, na mwaka huohuo ikatoka sheria mpya ya pensheni ya Tanganyika.

Sisi walimu wa shule za misheni tulikuwa nje ya hesabu hiyo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na walimu wao walifundisha vizazi vya makarani. Baadaye Serikali ilitoa msaada kwa shule hizo, lakini mwalimu wa misheni hakuhesabiwa kuwa mtumishi wa Serikali. Mwanafunzi wake aliweza kustaafu kwa fedha, naye akastaafu kwa heshima tu.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, likabaki swali gumu: nani alipe pensheni za maafisa wa Kiingereza waliorudi kwao? Kwa mapatano ya wakati ule, mzigo uliangukia Tanganyika. Yaani kodi ya mkulima wa kahawa au chai wa Rungwe ilisaidia kumtunza bwana shauri mstaafu katika kijiji cha Uingereza, yule yule aliyekuwa akimdai kodi zamani. Wapo waliosema deni ni deni, na maafisa wale walifanya kazi kweli. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba kazi iliyofanywa kwa ajili ya utawala wa Kiingereza ilipwe na Uingereza, na mwaka 1968 ikatangaza kwamba haitalipa tena pensheni za utumishi wa kabla ya uhuru. Nami nakubaliana nayo, maana aliyemtuma mtu ndiye ampaye posho. Uingereza ilikasirika, ikakatisha misaada yake. Lakini miaka michache baadaye iligeuza mashauri yake kwa makoloni yake mengi ya zamani, na kwa sheria ya mwaka 1973 ikakubali kubeba yenyewe pensheni za maafisa wake wa ng'ambo.